Whispers: jamaa aliyeichekesha Kenya ya Moi

Leo naomba tutoke kidogo kwenye siasa za kila siku, ingawa najua nikimaliza tutakuwa tumerudi hukohuko.

Ukimwambia kijana wa Katesh, Haydom au Mbulu mjini akutajie wachekeshaji, atakutajia watu wa Dar. Joti, Masanja, Mpoki, na hawa wa siku hizi wanaosimama na maiki peke yao. Akiwa na umri kidogo atamkumbuka marehemu Mzee Majuto wa Tanga. Hakuna ubaya. Lakini chukua ramani uangalie. Kwa barabara, mtu wa Mbulu au Hanang anafika Nairobi haraka kuliko anavyofika Dar es Salaam. Unashuka Babati, unapita Arusha, unavuka Namanga, umefika. Na huko Nairobi kwa miaka zaidi ya 20 kulikuwa na jamaa mmoja, mwandishi wa habari kama wengine tu, ambaye kila Jumapili alikuwa anaichekesha nchi nzima kwa kujicheka mwenyewe. Akafungwa, akatoka, akaendelea. Kwetu anajulikana na wachache mno, nadhani kwa sababu aliandika kwa Kiingereza na kuigiza kwa Kikikuyu, lugha mbili ambazo huku hazitembei sana.

Anaitwa Wahome Mutahi. Wakenya wengi hawamwiti hivyo, wanamwita Whispers.

Alizaliwa mwaka 1954 huko Nyeri, miteremko ya Mlima Kenya, wakati Mwingereza ametangaza hali ya hatari na watu wa huko wanafungiwa vijijini nyuma ya mitaro na miti yenye ncha. Mtoto wa mwaka huo alizaliwa katikati ya vita ya Mau Mau hata kama hakuikumbuka. Akasoma shule za Wakatoliki, akapita seminari, na inaonekana mapadre walimwachia kitu kimoja ambacho hakikumtoka: sauti ya mahubiri. Ukimsoma unakutana na Kilatini cha misa, dhambi, toba na moto wa milele kila baada ya aya chache, na vyote vinafanywa vichekesho bila matusi. Ndugu zangu mliopita seminari mnaelewa ninachosema. Mtu aliyelelewa na kengele ya sala ya asubuhi ana utani wake wa peke yake.

Seminari haikumtoa padre. Alikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, na baada ya hapo akaingia serikalini kama DO, ofisa wa utawala ngazi ya chini ya mkuu wa wilaya. Wengi wanaosimulia maisha yake wanapita hapa haraka. Mimi napaona pazito. DO wa Kenya ya wakati ule alikuwa ndiye serikali yenyewe machoni pa mwananchi. Anavaa kofia ngumu, anaitisha baraza, anasoma hotuba ya mkubwa, watu wanapiga makofi. Kwa hiyo huyu bwana aliiona jukwaani kabla hajaanza kuiandikia. Alijua hotuba inavyoandaliwa, nani anapangwa kupiga makofi, na chifu anakuwaje mkubwa wa kumbi akishakunywa chupa mbili. Baadaye alipoanza kuwachora machifu na wanasiasa kwenye safu yake, hakuwa anakisia.

Akaacha serikali, akaingia magazetini.

Safu ya Whispers ilianza mwaka 1982. Naomba msiupite mwaka huo. Mwezi Juni 1982 Bunge la Kenya lilibadilisha katiba likaweka kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Agosti 1 askari wa jeshi la anga wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Kuanzia hapo Rais Daniel arap Moi, aliyeshika madaraka mwaka 1978 baada ya kifo cha Kenyatta, akakaza kamba kwelikweli. Wahadhiri wakafungwa, wengine wakakimbia nchi, Ngũgĩ wa Thiong'o akabaki uhamishoni. Wimbo wa taifa usio rasmi ulikuwa Nyayo: kila mtu afuate nyayo. Magazeti yalijua mstari uko wapi, na wahariri walijua nani atapiga simu usiku.

Ndani ya hali hiyo ndipo anakuja mtu na safu ya Jumapili kuhusu... mke wake. Ndiyo, mke wake, watoto wake, mama yake kijijini, na yeye mwenyewe akiwa baa. Safu ilianzia kwenye kundi la magazeti ya Standard, baadaye ikahamia Nation, na ikadumu mpaka 2003.

Wahusika wake niwatambulishe, maana bila hao hamtaelewa. Kuna Whispers mwenyewe, anayejiita Mwana wa Udongo, mwanaume wa makamo anayejiona bwana mkubwa, mkongwe wa glasi, mwoga wa kila kitu. Kuna mkewe, Thatcher. Jina limetoka kwa yule mama Waziri Mkuu wa Uingereza, nadhani sihitaji kueleza zaidi nyumba inaendeshwaje. Kuna mtoto wa kiume, Whispers Junior, ambaye baba yake anamwona kama jambazi wa ndani ya nyumba. Kuna binti, Pajero, kapewa jina la gari la wenye pesa wa miaka ile kwa sababu baba anamhesabu kama kitega uchumi. Na kuna bibi, Appepklonia, mama mzazi wa Whispers, jina la mtakatifu lililopondwapondwa na ulimi wa Kikikuyu mpaka likawa hilo. Huyo anakaa kijijini, anasali, na anamtawala mwanawe kwa mbali.

Sasa mchezo wenyewe uko hapa. Nyumba ya Whispers ina baba anayetangaza kila siku kuwa yeye ndiye kichwa cha nyumba. Anatoa amri, anatoa maagizo, anadai heshima. Hakuna anayemsikiliza. Mke ana mipango yake, watoto wana mipango yao, hata mama yake anamwona mtoto. Kila anapozidi kupiga kelele kuwa ndiye mkubwa, ndivyo anavyozidi kuonekana mdogo. Msomaji wa Nairobi mwaka 1985, ambaye Ijumaa amesikia redio ikianza taarifa ya habari kwa kumtaja Mtukufu Rais, Jumamosi vilevile, Jumapili anafungua gazeti anakutana na mzee huyu. Hakuna jina la rais. Hakuna neno serikali. Kuna mzee mmoja tu anayejidai, na nyumba inayomcheka. Ofisa wa usalama angeandika nini kwenye ripoti yake? Kwamba jamaa amemtukana nani, Thatcher?

Profesa mmoja Mkenya, George Ogola, ameandika kitabu kizima mwaka 2017 kuhusu magazeti ya Kenya na hadithi za aina hii, na sehemu kubwa ni Whispers. Anaonyesha kuwa safu ile ilifanya kazi ambayo kurasa za mbele hazikuweza kuifanya. Nakubaliana naye, ila naongeza kitu kutoka kwenye kazi yetu hii ya magazeti. Wakati ripota wa siasa anabanwa, mhariri hupeleka macho yake yote ukurasa wa kwanza na wa pili. Ukurasa wa vichekesho anausoma wa mwisho, akiwa amechoka. Ukitaka kupitisha kitu, pitishia hapo. Kwetu Tanzania wenye umri watakumbuka Sani, lile jarida la katuni lenye Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe. Lilisema mambo mengi kuhusu ujanja wa mjini, foleni na uhaba wa bidhaa, wakati magazeti ya chama na serikali yanaandika kuhusu mafanikio. Na Adam Lusekelo alikuja kuandika kejeli zake kwa Kiingereza kwenye magazeti ya Dar, watu wakinunua gazeti kwa ajili yake tu.

Lakini mnaojua historia ya Kenya mnasubiri mwaka 1986.

Kulikuwa na kundi la siri lililoitwa Mwakenya, kifupi cha Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Vipeperushi vikawa vinasambaa, serikali ikachanganyikiwa. Wakaanza kukamata wahadhiri, wanafunzi, wakulima, madereva, waandishi. Mwaka huo Wahome alikamatwa pamoja na ndugu yake. Wakapelekwa Nyayo House.

Nyayo House ni jengo refu la ofisi katikati ya Nairobi. Juu watu wanakwenda kushughulikia pasipoti. Chini, ardhini, kulikuwa na vyumba vidogo visivyo na mwanga, na waliopita humo wamesimulia mambo yanayofanana: unavuliwa nguo, chumba kinajazwa maji, unakaa ndani ya maji siku kadhaa, huwezi kulala wala kuketi, halafu unapandishwa kwa lifti umefungwa macho kwenda kuhojiwa na kupigwa ghorofa za juu, kisha unarudishwa kwenye maji. Watu walikiri chochote. Wahome alishikiliwa huko karibu mwezi mzima, na baada ya hapo akaendelea na gereza. Ukijumlisha yote, alikaa ndani zaidi ya mwaka mmoja. Mchekeshaji wa Jumapili.

Nimejaribu kuwaza nyumbani kwake Jumapili ya kwanza gazeti likitoka bila Thatcher na Pajero. Wale wahusika walikuwa wa kubuni lakini mke na watoto walikuwepo kweli, wamebaki na nyumba na kodi ya nyumba. Hili la mwandishi kufungwa huwa tunalisimulia kishujaa sana na kusahau kwamba kuna mtu alikuwa anapeleka chakula gerezani na kurudishwa getini.

Alipotoka, angeweza kunyamaza. Wengi walinyamaza na sina ubavu wa kuwalaumu. Yeye alirudi kwenye safu, Whispers akaendelea na ulevi wake na woga wake kama kawaida. Ila pembeni akaandika kitu kingine. Mwaka 1991 ikatoka riwaya yake Three Days on the Cross. Waliozoea kucheka walipata mshtuko, maana haichekeshi hata kidogo. Ni watu waliokamatwa na polisi wa siri wa mtawala, wanateswa wakiri kosa wasilolijua. Nchi haijatajwa kuwa Kenya. Haikuhitaji. Mwaka uliofuata, 1992, akatoa The Jail Bugs, maisha ya gerezani, na humo kicheko kinarudi, ila cha uchungu, cha mtu anayewataja chawa na kunguni kama majirani.

Maoni yangu, na mnaruhusiwa kupinga: Three Days on the Cross ni kitabu muhimu lakini sicho kitabu chake bora. Hasira imemzidi, anasukuma sana. Alikuwa na nguvu zaidi alipokuwa anapiga pembeni kuliko alipopiga usoni. Ukitaka kumwona akiwa kwenye fomu yake, tafuta How to Be a Kenyan, cha mwaka 1996. Ni kama mwongozo kwa mgeni: Mkenya anavyokula, anavyokunywa, anavyoomba rushwa na anavyoitoa, anavyokwenda msibani, anavyojifanya. Kitabu cha namna hiyo kilishawahi kutoka Nigeria mwaka 1966, cha mwandishi wa habari Peter Enahoro, kwa hiyo wazo halikuwa jipya. Utekelezaji ndio mpya. Hakuna kabila linalosalimika na wa kwanza kuchapwa ni wa kwao Nyeri. Mimi natamani mtu atuandikie chetu. Sura ya kwanza iwe kuhusu "njoo kesho".

Halafu kuna jukwaa, na hapa ndipo anapoingia kwenye ukoo wa hawa wachekeshaji wa maiki wa leo.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia kwa Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda, ikaigizwa na wanakijiji wenyewe pale Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ngũgĩ alikuwa tayari ana riwaya kwa Kiingereza zinazoikosoa serikali, hakuna aliyemgusa. Alipoigiza kwa lugha ya mama zake shambani, onyesho likapigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini, kutoka mwisho wa mwaka huo mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe la Kamĩrĩĩthũ likabomolewa. Somo ambalo serikali ilikuwa inafundisha lilikuwa wazi: kwa Kiingereza semeni mtakacho, kwa lugha ya kijijini nyamazeni.

Wahome alilisikia somo akafanya kinyume chake. Miaka ya 1990, vyama vingi vimerudi lakini Moi bado yuko, alianza kuandika na kuigiza tamthilia za kuchekesha kwa Kikikuyu. Hakwenda kwenye kumbi za taifa. Alikwenda baa. Kumbi za nyama choma pembezoni mwa Nairobi na miji ya Mkoa wa Kati, watu wakiwa na chupa mezani, anakuja na waigizaji wake na wanaanza. Moja ilikuwa inaitwa Mũgathe Mũbogothi. Kikikuyu changu ni cha kuokoteza lakini wenyewe wanasema ni kama Mtukufu Mpayukaji. Nchi ilikuwa na Mtukufu mmoja tu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani.

Na yeye mwenyewe alipanda jukwaani kuigiza. Fikiria: mwandishi ambaye safu yake inasomwa na mawaziri, yuko kwenye baa ya barabarani anamwigiza mkubwa wa nchi, na watu wanamwaga bia kwa kucheka. Baa ina faida ambayo ukumbi wa sanaa hauna. Mtu wa baa hajaja kuheshimu sanaa. Usipomchekesha ndani ya dakika tano anageuka kuzungumza na rafiki yake. Hii ndiyo shule ileile wanayopitia wachekeshaji wa kusimama peke yao mpaka leo. Sisi nasi tulikuwa nayo kwa namna yetu, maana vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vilizunguka kumbi za pombe za Dar na mikoani miaka ya 1980 na 1990, vikichanganya ngoma, taarab, sarakasi na vichekesho kwa usiku mmoja.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakaja na Redykyulass, wakamwiga Moi sauti na fimbo mbele ya kamera. Baadaye akaja Churchill na onyesho lake la NTV, na kizazi kizima kikatoka humo. Huwa wanatajwa kama mwanzo wa yote. Sidhani. Walikuta mlango umeshasukumwa na mzee wa baa.

Sasa turudi nyumbani kidogo.

Wilaya zetu hizi mbili zina kitu ambacho wataalamu wa lugha wanakuja kutoka Ulaya kukiangalia. Eneo dogo hili lina Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, Wanyiramba na Wanyaturu wenye lugha za Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Kila moja ina watu wake wa kuchekesha. Mnawajua, kila kijiji kina mzee mmoja kwenye pombe ambaye akianza kumwiga mwenyekiti wa kijiji watu wanashika mbavu. Lakini huyo mzee hana safu, hana jukwaa, na redio haiwezi kumchukua, kwa sababu kanuni zetu za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Kenya walifungua Kameme FM kwa Kikikuyu mwaka 2000. Sisi tulichagua njia ya lugha moja, na mimi sibezi, imetupa amani ambayo Wakenya wameililia. Bei yake ni kwamba kicheko cha Kiiraqw na cha Kidatoga kinaishia kwenye kibuyu.

Na kulikuwa na mambo ya kuchekea, tena kwa machungu. Kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni serikali ikishirikiana na Canada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu, chini ya shirika la NAFCO. Wabarabaig wakapoteza malisho ya karibu ekari 100,000. Matrekta yalilima mpaka makaburi ya wazee wao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu Arusha mwaka 1984, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua. Habari hii ukiitaka utaipata kwenye hukumu, na kwenye utafiti wa Mwingereza Charles Lane aliyeandika kitabu kuhusu malisho hayo. Yote ni maandishi mazito na ya maana. Lakini watu waliotazama trekta likipita juu ya kaburi la babu kwa ajili ya mkate wa Dar es Salaam, jioni walikaa wakasema nini? Walimwigaje meneja wa shamba? Walimpa jina gani? Hilo halipo kwenye karatasi yoyote. Kenya ya Moi iliumia sana, lakini ina Whispers, unaweza kusoma leo ukajua Jumapili fulani watu walicheka nini. Basotu hatuna.

Kuna watakaosema Wahome ni wa Kenya, kwetu wachekeshaji hawafungwi. Jamani. Mei 2020 Idris Sultan, mchekeshaji mzaliwa wa Arusha, alishikiliwa na polisi zaidi ya wiki baada ya kuweka video anacheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Alicheka tu. Alipofikishwa mahakamani shitaka likawa la laini ya simu. Miezi michache kabla, Oktoba 2019, alikuwa ameshaagizwa kuripoti polisi kwa kubadilishana sura na Rais kwenye picha ya kompyuta, siku ya kuzaliwa ya Rais. Na mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, ambazo kwa anayeandika kama hivi mimi ninavyoandika zilitaka leseni na ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2. Hapo ndipo vijana wengi walifunga virago.

Au mchukue Gado, Godfrey Mwampembwa, kijana wa Dar aliyekwenda Nairobi mwaka 1992 kuchora katuni Nation, gazeti lilelile la Whispers. Alimchora Moi kwa miaka na Moi akamvumilia. Januari 2015 The East African likachapa katuni yake ya Rais Kikwete, na mwezi huohuo serikali yetu ikalizuia gazeti hilo kuingia nchini, sababu rasmi ikiwa ni usajili. Mwaka 2016 mkataba wa Gado haukuendelezwa. Mtanzania aliyemchora dikteta wa jirani salama salimini, akaangukia kwenye katuni ya nyumbani.

Sasa mwisho wa Wahome, na hapa huwa napata hasira ambayo hata Nyayo House hainipi.

Desemba 2002 Moi aliondoka. Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya, Nyeri kwao Wahome, akaapishwa Desemba 30. Mapema 2003 serikali mpya ikafungua vile vyumba vya chini vya Nyayo House, watu wakaenda kuviona kwa macho yao. Mtu aliyesubiri miaka 20 kuiona siku hiyo aliiona. Alikuwa na umri wa miaka 48, safu inasomwa, tamthilia zinajaza baa, na kwa mara ya kwanza hakuna wa kumpigia simu usiku.

Mwezi Machi alikwenda hospitali moja mjini Thika kutolewa uvimbe mdogo nyuma ya shingo. Operesheni ndogo, ya kuingia na kutoka. Akapewa dawa ya usingizi na hakuamka. Akahamishiwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akalala bila fahamu siku 137. Nchi ikachanga pesa, wasomaji wakaandika barua, wasanii wakaigiza kumchangia. Julai 22, 2003 akafariki.

Polisi wa siri walimtia kwenye maji akatoka. Kilichomuua ni hospitali ya siku ya kawaida, katika serikali ya watu aliowapigia kampeni kwa kicheko. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika sana kuhusu hospitali za Kenya, madaktari, foleni, na mgonjwa anayeingia na jino na kutoka bila mguu. Angekuwa hai angeiandika hii vizuri kuliko mimi, na Thatcher angekuwa na la kusema kuhusu mume anayelala siku 137 bila kutoa maelezo.

Tangu 2006 wachapishaji wa Kenya wanatoa tuzo ya fasihi yenye jina lake kila baada ya miaka miwili, na vitabu vya Kiswahili vinashindania pia. Riwaya yake Doomsday ya mwaka 1999 inahusu lile bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi la Agosti 7, 1998, siku ambayo na sisi Dar tulipigwa. Hiyo niliipata kwa muuza vitabu vya mitumba Arusha. How to Be a Kenyan niliazima na nimerudisha, msinitafute. The Jail Bugs bado naitafuta. Kama kuna mdau anayo, hata kama imechanika jalada, aniambie. Nitaifuata hata Dongobesh.